Kusomewa nako ni kusoma: Riwaya za mizuka zina haki ya kusikika

"HUJASOMA, umesomewa." Ndivyo wanavyonitania wenzangu kila nikitaja riwaya niliyoimaliza kwa masikio. Kisarufi wana hoja: kauli ya kutendewa imenitoa kwenye kiti cha msomaji, ikanikalisha mkekani. Ila wanasahau kwamba neno hilo lina historia yake huku kwetu. Pwani, maulidi husomwa na utenzi husomwa, na waliokaa kitako kusikiliza hawaambiwi kwamba hawakuhudhuria. Na mtu aliyepandwa na jini hapewi kitabu ajisomee, husomewa! Basi kama kuna fasihi ambayo Mswahili hafai kuona haya kusomewa, ni hii ya majini, mizuka na wachawi.

Nazungumzia vitabu sauti, hasa vya riwaya za kimajaabu zinazotolewa kwa mfululizo. Dai langu ni kwamba anayekisoma kitabu hicho vizuri hatamki maneno tu. Anakihakiki. Kila anapochagua lafudhi, kasi au kimya, ameshatoa uamuzi kuhusu mhusika, nasi tunaweza kuukubali au kuupinga.

Chukua mfululizo wa Ben Aaronovitch ulioanza mwaka wa 2011 kwa riwaya ya Rivers of London. Peter Grant, konstebo mchanga wa polisi jijini London, anajikuta akichukua ushahidi wa mauaji kutoka kwa mzuka. Kuanzia hapo anaingizwa katika uanagenzi wa uchawi chini ya inspekta Nightingale. Mamake Peter ametoka Sierra Leone. Mto Thames nao una mungu wake wa kike, mama wa Kinigeria aliyefika Uingereza kama wahamiaji wengine.

Ukiisoma riwaya hii kimyakimya, ni rahisi wahusika wote kuzungumza kwa sauti moja kichwani mwako, nayo huwa ni sauti yako mwenyewe. Kobna Holdbrook-Smith, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa Ghana, hakuruhusu hilo. Nightingale anamsomea kwa Kiingereza cha mabwana wa zamani. Mama Thames anampa uzito wa mama wa Afrika Magharibi ambaye huthubutu kukataa chakula chake. Peter anabaki kijana wa mtaani, mwenye utani hata penye maiti. Hapo ndipo unapong'amua kwamba riwaya hii ya uchawi inauliza London ni ya nani. Hoja hiyo imo kitabuni, lakini sikio huipata kabla ya jicho.

Mfano wa pili ni The Dresden Files, mfululizo wa Jim Butcher kuhusu mchawi mpelelezi wa Chicago, ulioanza mwaka wa 2000. James Marsters ndiye aliyekuwa akiusoma. Ilipofika zamu ya Ghost Story mwaka wa 2011, kitabu kikasomwa na John Glover. Wasikilizaji wakalalama, na miaka kadhaa baadaye kikarekodiwa upya kwa sauti ya Marsters. Kinaya ni kwamba katika kitabu hicho msimulizi ni mzuka. Mtu angeweza kutetea sauti mpya: amekufa, kwa nini asibadilike? Wasikilizaji hawakuutaka utetezi huo. Kwao, sauti ndiyo iliyokuwa mhusika. Katika mfululizo mrefu mambo mengi hugeuka: wafu hufufuka, marafiki huwa maadui. Kinachomshika msikilizaji mkono katika misukosuko hiyo ni koo lile lile alilolizoea. Bibi zetu walilijua hili. Mtoto aliyezoea zimwi la bibi yake hakubali zimwi la jirani.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba sikio halina upungufu. Mabinti wa Mama Thames wana majina kama Tyburn, Fleet na Effra. Hiyo ni mito halisi ya London, ambayo leo inapita chini ya barabara na majengo. Msikilizaji wa Nairobi asiyeyaona majina hayo yakiwa yameandikwa, atayatafutaje? Zaidi ya hapo, kitabu sauti ni "Paukwa!" isiyosubiri "Pakawa!" Msomaji haoni kama umesinzia, wala hawezi kurefusha kitisho kwa kuwa umetetemeka. Fanani wetu aliweza.

Lakini kinachoniuma zaidi kiko nyumbani. Majini wa Kiingereza wamepata makoo ya kuwasema. Wetu je? Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili wanageuzwa manyani, na Adili anaamrishwa awachape kila usiku. Amri ile isomwe kwa ukali au kwa huruma? Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, K. Babu huyo anazungumza kwa lafudhi ya Unguja au kwa sauti ambayo kaburi limeichakaza? Na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyofuatwa na Musaleo!, si mwanzo mzuri wa mfululizo wa kusikilizwa? Haya ni maswali ya uhakiki, wala hayajibiki kwa muhtasari wa mtihani. Hujibiwa mtu anapofungua kinywa na kuchagua.

Wachapishaji watasema gharama ni kubwa. Sawa, studio haiji bure. Ila soko si la wavivu wa matatu kama mimi pekee. Yupo asiyeona, ambaye riwaya zetu nyingi kwake ni karatasi tupu. Yupo mzee ambaye macho yamemwishia lakini Kiswahili chake bado kinameremeta. Yupo pia mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia sentensi ya Shaaban Robert ikisomwa na mtu anayeipenda. Waigizaji wa jukwaani tunao, na wasomaji tendi wenye pumzi ndefu tunao. Wakalishwe mbele ya maikrofoni, waanze na riwaya moja. Jini asiyesikika hamtishi mtu.