Doxygen na Ngeli za Kiswahili: Uhakiki wa Chombo cha Kuandalia Nyaraka za Programu

Makala haya yanakihakiki kwa jicho la kiisimu chombo kiitwacho Doxygen, kilichotolewa kwa mara ya kwanza na Dimitri van Heesch mwaka 1997. Chombo hiki huendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwenye kompyuta. Mtumiaji akishatoa amri, chombo hupitia mafaili ya mradi wa programu, hukusanya maelezo ambayo mtungaji ameyatia ndani ya msimbo wake, kisha huyapanga katika kurasa zinazoonyesha kila faili lina nini na linategemea mengine yapi. Manufaa ya kazi hiyo hayana ubishi. Kinachohojiwa hapa ni maneno ambayo chombo chenyewe huyaongeza kando ya maelezo ya mtungaji.

Maneno hayo yanapatikana kwa lugha zipatazo 40. Kiafrikaans kimo, Kiesperanto nacho kimo, Kiswahili hakimo. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Yaelekea Kiswahili kimekubaliwa kwa anayeitumia programu, si kwa anayeitunga.

Je, kikiongezwa kitaenea? Katika Doxygen kila lugha ina faili lake, na ndani ya faili hilo kila kirai kimewekwa katika kanuni ndogo inayopokea taarifa na kurudisha maneno. Kanuni iitwayo trGeneratedFromFiles, kwa mfano, hupokea aina ya kitu kinachoelezwa, na pia kama faili ni moja au ni mengi. Mfasiri wa Kiswahili hana shida hapo: ataandika darasa hili, muundo huu, kiolesura hiki.

Shida i katika trInheritedByList, kanuni inayotaja vitu vilivyorithi sifa za kitu kingine. Hiyo hupokea idadi ya warithi tu. Kwa Kiingereza idadi yatosha, maana kitenzi hakibadiliki kwa kufuata aina ya kitu kilichorithiwa. Kwa Kiswahili darasa limerithiwa, muundo umerithiwa, kiolesura kimerithiwa. Kinachotakiwa kujulikana ni ngeli ya mrithiwa, nayo ndiyo isiyopelekwa. Mfasiri akiandika “imerithiwa na” kila mahali, ataeleweka, lakini kosa moja litachapwa katika maelfu ya kurasa chini ya jina la Kiswahili sanifu. Akiandika “Warithi:”, amelikwepa tatizo kwa werevu. Ila kitenzi kimetoweka, na mbinu hiyo ikizoeleka kurasa zitabaki orodha ya vichwa visivyo na sentensi. Hata hivyo, kati ya njia hizo mbili, ya pili ina madhara machache.

Istilahi nazo zina mgogoro wake. Huko Mokambo, mpakani mwa Haut-Katanga na Zambia, mfumo uleule wa forodha huitwa SYDONIA upande wa Kongo na ASYCUDA upande wa Mufulira, kwa kuwa kila nchi imelichukua jina kutoka lugha yake ya ofisini. Msomi wa Lubumbashi hutoka kwenye Kifaransa, kwa hiyo “faili”, neno lililoingia kwa njia ya Kiingereza, si lake kwa asili, ijapokuwa kamusi zimelikubali. Wenye kulitumia nao hawajapatana: wengine husema faili hili, wengine faili hii. Kiswahili cha Lubumbashi kina pia udogo wa ka- na tu-, ambao Kiswahili sanifu hakiutumii. Mfasiri wa huko angelazimika kuuacha nyumbani. (Ajabu ni kwamba neno “ngeli” lenyewe lingefaa sana kwa kile ambacho watunzi wa programu hukiita darasa.)

Dosari ya trInheritedByList si ya kudumu. Lugha ambazo wafasiri wake wamechelewa hupitishwa katika madaraja maalumu yanayojazia kwa Kiingereza maneno yaliyopungua, hata chombo kikaendelea kufanya kazi. Kwa njia hiyo kanuni mpya yenye kupokea aina ya mrithiwa yaweza kuongezwa bila kuzivuruga lugha nyingine. Pendekezo la namna hiyo lahitaji mtu ajuaye msimbo na ajuaye upatanisho wa kisarufi, na idara za Kiswahili bado hazifundishi hayo mawili pamoja.