Neno na Mayowe: Mtindo wa "Pembe 666"

Kwa msikilizaji wa Buna, Wajir, aliyelelewa na gabay ya Kisomali, utungo ni neno: takriri ya konsonanti moja huufunga tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Je, atauhakiki vipi wimbo wa hevi metali ambao maneno yake humezwa na mayowe?

"Pembe 666" umo katika albamu ya Duma (2020), kundi la Wakenya Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma, kwa Kikuyu, ni giza. Anwani ya wimbo inaunganisha tarakimu ya mnyama wa Ufunuo 13 na neno lenye maana zaidi ya moja: pembe ya mnyama, kona, na ala ipulizwayo.

Tunashikilia kwamba maana ya mwisho ndiyo ufunguo wa mtindo. Pembe haitamki neno, ila anayeisikia hujua ameitwa. Vivyo hivyo, sauti ya Khanja imegeuka ala inayoshindana na ngoma za mashine. Mhakiki anayesubiri maneno yaandikwe atahakiki karatasi tu. Sikio la Buna, lililozoea kusaka maana katika mpangilio wa sauti, limekwisha kujiandaa kwa kazi hiyo.