Kamati Tatu na Lori la Mchanga

Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 zilizokopwa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Jina lake rasmi ni refu; mitaani fedha zake zikaitwa fedha za Uviko. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi, kila darasa shilingi milioni 20, na yalitakiwa yawe tayari kabla kidato cha kwanza hakijaripoti Januari 2022. Kwa Hazina ulikuwa mkopo. Kwa shule ya kata iliyokuta milioni 40 za madarasa mawili kwenye akaunti yake, ilikuwa ruzuku, tena yenye haraka.

Madarasa yalijengwa kwa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi: shule inanunua vifaa yenyewe na kuingia mkataba na mafundi wa jirani, mhandisi wa halmashauri akisimamia. Wanaousifu utaratibu huu husema faida ya mkandarasi imeokolewa, na ni kweli. Lakini ndani ya ile faida kulikuwa na malipo ya mtu wa kutafuta bei, mtunza stoo, mhasibu na karani wa kutunza mafaili. Mkandarasi alipoondoka, kazi zao zilibaki. Zilimwangukia mkuu wa shule mwenye vipindi vya kufundisha, pamoja na wanakijiji wanaokaa kwenye kamati huku mashamba yakiwangoja.

Kamati zenyewe ni tatu: ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Anayechagua muuzaji asiwe ndiye anayepokea mzigo, na anayepokea asiwe ndiye anayeutumia. Kwenye karatasi mpangilio huu hauna kasoro. Kwenye kijiji chenye watu wachache wanaojua kusoma ramani ya jengo na kujaza hati, jina lilelile huanza kuonekana kwenye mihtasari miwili, na hapo ulinzi wote umekwisha hata kama hakuna aliyeiba msumari.

Kamati ya ununuzi ndiyo inayogombewa, maana ndiko kuliko na profoma na wauzaji wenye maneno matamu. Kazi yake, hata hivyo, si ngumu kuikagua: bei za wauzaji kadhaa zinalinganishwa, kikao kinakaa, muhtasari unasainiwa, hati ya kuagiza inatoka. Kiwango cha milioni 20 kilikuwa kimoja nchi nzima, kwa shule iliyo jirani na kiwanda cha saruji na kwa iliyo mwisho wa barabara ya vumbi, kwa hiyo shule ya mbali ililazimika kuhesabu nauli ya mzigo mapema. Iliyosahau iligundua hilo ukuta ukiwa kwenye lenta.

Mimi ningempeleka mtu makini kuliko wote kwenye mapokezi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hurudia hoja zilezile kuhusu halmashauri: vifaa vimelipiwa bila kukaguliwa na kamati ya mapokezi, havikuingizwa kwenye leja ya stoo, malipo hayana stakabadhi ya mashine ya EFD. Hoja hizo huzaliwa langoni mwa shule lori linapoingia.

Chukua mchanga. Hati ya kuagiza inasema “tripu 10”. Tripu ya lori gani? Kuna la tani 3 na kuna la tani 10, na dereva ndiye anayejua lipi litakuja. Kamati inayojiweza huandika mita za ujazo tangu kwenye hati ya kuagiza, kisha lori likifika wanapima boksi kwa futi kamba. Boksi la urefu wa mita 4, upana mita 2 na kina mita 0.8 linabeba mita za ujazo 6.4 likijaa sawasawa. Wanaandika namba ya gari, saa na kipimo, na dereva anasaini palepale. Ni kazi ya dakika chache, lakini mzigo ukishamwagwa na kuchanganywa na wa jana, hakuna mkaguzi wala mhandisi atakayeweza kuuhesabu tena.

Saruji inajitetea zaidi kwa sababu iko kwenye mifuko, ila nayo hutoka stoo kila asubuhi. Leja ikionyesha fundi alichukua mifuko mingapi kwa kazi gani, hesabu inaweza kurudishwa nyuma: kwa tofali za inchi 6, mafundi wengi hutoa kati ya 25 na 35 kwa mfuko wa kilo 50. Tofali 900 zilizokula mifuko 60 zinahitaji maelezo. Na tofali 900 zilizokula mifuko 15 zinahitaji maelezo makubwa zaidi, kwa kuwa watoto watakaa chini ya ukuta huo.

Kwenye malipo, kinachowagonganisha walimu na wauzaji ni kodi ya zuio. Muuzaji wa vifaa vya milioni 5 anakatwa asilimia 2, anapokea 4,900,000, na shilingi 100,000 zinakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa jina lake. Asipoambiwa kabla ya kukubaliana bei, ataona ameibiwa na mwalimu. Fundi naye alipwe kwa hatua, msingi, kuta, kupaua, umaliziaji, na kila hatua iwe na saini ya mhandisi kabla hundi haijaandikwa. Mhandisi mmoja akiwa na shule nyingi na gari moja, saini hiyo huchelewa, na fundi mwenye njaa huenda kwa jirani aliyeanza kujenga wiki ileile.

Nguvu za wananchi nazo ziandikwe. Kijiji kikichimba msingi au kusomba mawe, kazi hiyo ina thamani, na pasipo daftari la mahudhurio mkaguzi ataona msingi uliochimbwa bila malipo yoyote na kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.

Tangu Julai 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na shule zikaingizwa humo. Ulinganishaji wa bei sasa unaacha alama ambayo haifutiki kwa kuchana karatasi, na hilo ni jema, ingawa mwalimu asiye na mtandao hupanda bodaboda kwenda kuutafuta. Ila mfumo unapokea namba ambayo mtu ameiingiza. Ukiandikiwa kuwa mita za ujazo 64 zimepokelewa, utaamini. Kwa hiyo halmashauri inayoandaa mafunzo ya siku mbili ya kompyuta kwa wakuu wa shule ingefanya vyema kutenga nusu siku kwa wajumbe wa mapokezi, na kuwapa futi kamba.