Farasi Hakatai: Uhakiki wa Istilahi ya "Kutikisa Kichwa"

Istilahi isiyofaa katika utabibu wa mifugo haimpotoshi msomaji peke yake. Humwumiza na mnyama. Jambo hili ladhihirika katika ugonjwa mmoja wa farasi uliochunguzwa sana Uingereza na Marekani, ambao jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutupa "kutikisa kichwa". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini tafsiri hiyo haifai, na kupendekeza nyingine mahali pake.

Yatupasa kwanza kuielewa dhana yenyewe. Farasi anayeonekana mzima, hasa akipandwa au akikimbizwa, hurusha kichwa ghafla, mara nyingi kwenda juu na chini, kana kwamba nyuki amemwuma puani. Hupuliza pua kwa nguvu, na husugua pua kwenye mguu wake wa mbele. Wengi huzidiwa katika majira ya kuchipua na ya kiangazi ya nchi hizo, wakapata nafuu baridi ikiingia. Jua kali, upepo na mvua huweza kuzidisha hali hiyo. Mwaka 1995 John Madigan na wenzake waliandika habari za farasi 7 ambao kichocheo chao kilikuwa mwanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba neva ya hisia ya uso wa farasi wagonjwa huamshwa na umeme wa miliampea 5 au pungufu, ilhali ya farasi wazima huhitaji 10 au zaidi. Basi chanzo si ukaidi. Ni neva iliyo nyepesi mno kuamka, na yaaminika kwamba farasi huhisi maumivu makali.

Sasa tuipime tafsiri tuliyoitaja. Katika Kiswahili, mtu akitikisa kichwa amekataa, au amesikitika. Ni kitendo cha hiari, tena kichwa huenda kulia na kushoto. Msomaji akiambiwa kwamba farasi "anatikisa kichwa", ataona mnyama mkaidi, na dawa ya ukaidi aijuayo ni mjeledi na kukazwa hatamu. Mnyama aliye katika maumivu ataongezewa maumivu, na mpandaji atajiweka hatarini.

Mfasiri mwingine aweza kushawishika kusema "kichaa cha farasi". Hili ni baya zaidi, kwa kuwa linafuata kigezo cha "kichaa cha mbwa", ugonjwa wa virusi uambukizao na uuao. Ugonjwa tunaouzungumzia hauambukizi. Ofisa asomaye jina hilo katika ripoti aweza kuamuru karantini isiyo na sababu.

Wa tatu atasema "ugonjwa wa neva ya uso". Huyu amekaribia, lakini amekosa. Neva ya uso ni ya saba miongoni mwa neva za kichwa, na kazi yake kubwa ni kuendesha misuli. Inayohusika hapa ni ya tano, ichukuayo hisia za uso, nayo hugawanyika katika matawi makuu matatu.

Tunapendekeza, basi, dalili iitwe "mrusho wa kichwa", na neva hiyo iitwe "neva ya matawi matatu". Ugonjwa uitwe "mrusho wa kichwa wa neva", baada tu ya tabibu kuchunguza meno, masikio, macho, lijamu na tandiko asione kasoro. Twakiri kwamba "kurusha" nako kuna mtenda. Lakini hakuna maana ya kukataa, nasi tumezoea kusema farasi hurusha mateke.

Lipo pia suala la matunzo. "Usimamizi wa ugonjwa" ni lugha ya ofisini iliyopotea njia. Kiswahili kina "kuuguza" na "kutunza". Farasi huyu hufungwa wavu wa pua, kitu rahisi ambacho huwasaidia baadhi yao, au huvikwa kinga ya macho dhidi ya mwanga. Wengine husisimuliwa neva kwa umeme kupitia ngozini. Katika ripoti ya mwaka 2020, takribani nusu ya farasi waliofuatiliwa baada ya duru ya kwanza ya tiba hiyo walitulia. Mfasiri asiandike "walipona". Walipata nafuu, na nafuu huweza kwisha. Mwenye farasi aliyeahidiwa kupona, kisha dalili zikarudi, aweza kukata tamaa na kuamuru mnyama auawe.

Lugha yetu si maskini wa maneno ya farasi. Kinachotakiwa ni kuijua dhana kabla ya kuipa jina. Tunawakaribisha wafasiri, walimu na matabibu wa mifugo wayapime mapendekezo haya, na wenye maneno bora wayalete.