Mvivu, Mlegevu na Mwenye Vuguvugu

Kati ya maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyapima, yamo yale ya kumtaja mtu asiye na bidii. Mwalimu huandika "mvivu" katika taarifa ya mtoto. Mhubiri huwaita hivyo wasiofika ibadani. Na mzazi hulipokea neno hilo kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Twaona kwamba neno moja limebebeshwa mizigo ya maneno mengine mengi. Kosa hili si la lugha tu, kwa kuwa aitwaye kwa jina lisilo lake hupewa dawa isiyo yake.

Mvivu, kwa maana yake halisi, ni mtu mwenye nguvu na nafasi ambaye hapendi kazi. Neno hili lahukumu tabia yake. Mzembe ni mwingine: huyu amekabidhiwa jambo akaliacha liharibike, na hasara huwafikia watu wengine. Dereva asiyetazama breki za gari lake haitwi mvivu, kwa maana labda ameendesha mchana kutwa. Kosa lake ni uzembe. Basi mtu mmoja aweza kuwa mchapakazi na mzembe pia.

Mlegevu hutokana na kulegea, neno la kamba na fundo. Fundo halilegei kama halikukazwa kwanza. Tukimwita mwanakwaya mlegevu, twakiri kwamba hapo kwanza alikuwa na bidii, na swali linalofuata ni hili: ni nini kilichomlegeza? Mnyong'onyevu naye ameishiwa nguvu kwa njaa, ugonjwa au huzuni. Kumkemea ni kumwongezea mzigo. Na atendaye kwa shingo upande hafanani na hao wote, maana kazi huifanya, tena pengine huimaliza mapema, ila moyo wake haukukubali. Msimamizi asiyeijua tofauti hii hudhani amepata utii.

Kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Johnson ya mwaka 1939, ziliwafaa sana wageni, nasi twazishukuru. Lakini kamusi ya lugha mbili huyapanga maneno yetu chini ya maneno ya lugha nyingine, na msomaji asiyeangalia hudhani kwamba yote yaliyopangwa pamoja yana uzito mmoja. Kipimo kilicho bora ni kinywa cha watu. Sokoni Mlandege, hapa mjini Iringa, muuzaji husema biashara imelegea au imezorota. Hasemi kwamba biashara ni mvivu, kwa maana uvivu wahitaji mwenye nia. Muuzaji huyo, asiyeshika kamusi, atufundisha mpaka wa neno.

Twaja sasa kwenye neno linalotutatiza zaidi mimbarini, yaani vuguvugu. Wengi wetu twalijua katika waraka kwa kanisa la Laodikia, sura ya 3 ya Ufunuo, nasi hulitumia kwa lawama tupu. Hata hivyo, maji yaliyokuwa moto yakapoa ni vuguvugu, na yaliyokuwa baridi yakaanza kupata moto ni vuguvugu vilevile. Neno halisemi yanaelekea wapi. Ndiyo maana wanaoandika historia ya Tanganyika kabla ya mwaka 1961 husema juu ya vuguvugu la kudai uhuru, wala hawana nia ya kuwalaumu watu wale. Wasema kwamba moto ulikuwa unaanza kupanda.

Tena husikika mafundisho kwamba "baridi" katika waraka ule ni kumkataa Mungu. Ikiwa ndivyo, kwa nini Bwana aitake baridi kuliko vuguvugu? Wafafanuzi kadhaa wametukumbusha kwamba Hierapoli, jirani ya Laodikia, ilikuwa na chemchemi za maji moto, na Kolosai ilisifiwa kwa maji baridi. Ya moto huponya, ya baridi huburudisha. Yaliyo katikati hayafai kwa hili wala kwa lile. Kwa maelezo haya lawama ni ya kutofaa kitu, wala si ya upungufu wa ari peke yake. Basi mkatekumeni aliyekuwa baridi jana, na leo ana vuguvugu, tusimhesabu pamoja na mzee wa kanisa aliyepoa. Joto lao ni moja, njia zao mbili.

Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Mtoto akikaa kimya katika somo la kwanza, yatupasa kuuliza kabla ya kuandika: Je, anaweza? Je, aliwahi kuwa na bidii? Je, afanya bila kupenda? Jibu la kila swali lina neno lake katika Kiswahili. Neno "mvivu" na liandikwe la mwisho, maswali hayo yakiisha.