Mama Tembo

Jioni hapa Kamsamba, joto la bonde la Rukwa likiwa bado halijaachia, kijana mmoja wa Kisukuma anamlisha ndama aliyefiwa na mama. Ndama ameikataa ndoo ya maziwa. Kijana hamvuti wala hamchapi. Anachovya vidole viwili, anampa anyonye, kisha anaushusha mkono taratibu mpaka mdomo wa ndama ufike kwenye maziwa. Ndama anakunywa. Kila nikimwona kijana huyu namkumbuka Elsa Martinelli.

Alikuwa Mtaliano, mzaliwa wa Grosseto, mwaka 1935. Mbunifu wa mavazi Roberto Capucci alimwona mwaka 1953, akamwingiza kwenye uanamitindo. Picha zake za magazetini zikamfikisha hadi Marekani, akacheza na Kirk Douglas katika The Indian Fighter. Mwaka 1956 akatunukiwa Dubu wa Fedha mjini Berlin kwa filamu ya Donatella. Uzuri ulimfungulia mlango, sikatai. Lakini uzuri haumshawishi tembo.

Na tembo ndio waliomngoja Tanganyika. Mwishoni mwa 1960, mwaka mzima kabla ya uhuru, mwongozaji Howard Hawks alikuja na waigizaji wake Arusha kupiga filamu ya Hatari!, ambayo hata jina lake ni la kwetu. Wanyama walikuwa wa kweli, na John Wayne na wenzake walikuwa wenyewe ndani ya magari yaliyowakimbiza. Kifaru mmoja alichomoka baada ya kukamatwa, ikabidi wamkamate upya kamera zikiendelea kuzunguka. Wengi husifu mbio hizo, nami nazisifu.

Ila mimi filamu ile naipendea watoto wa tembo. Martinelli anacheza mpiga picha aitwaye Dallas, naye ndiye anayewalea watoto hao wasio na mama, kuanzia hangaiko la kutafuta maziwa ya mbuzi mpaka siku Waarusha wanapompa jina la Mama Tembo. Kuna mahali anawapeleka kuoga. Anatangulia, wao wanamfuata, wanaingia majini pamoja. Muziki wa Henry Mancini umelifanya tukio hilo lijulikane dunia nzima, lakini ukilitazama bila muziki ndipo unapoiona kazi yenyewe.

Mtoto wa tembo hajasoma mswada. Hajui kamera iko wapi, hajui kwamba mwanamke huyu ameshatokea kwenye majarida ya Ulaya. Akikutilia shaka anaondoka, na tukio limekwisha. Kwa hiyo mwigizaji hawezi kukaa akingoja zamu yake ya kusema, maana mwili wake wote ndio unaosema: hatua, bega, kiganja. Wenye kulia na kupiga kelele mbele ya kamera ni wengi. Kutulia hivyo, ukaaminiwa na kiumbe asiyejua kwamba unaigiza, ndiko ninakokuita uigizaji.

Martinelli alifariki Roma, Julai 2017. Nyinyi vijana mnaoigiza filamu zetu za Bongo, itafuteni Hatari!, mfike pale majini, kisha mzime sauti na kuitazama mikono yake peke yake.