Binti wa Mchimba Makaa: Uhakiki wa Santuri ya Loretta Lynn

Muziki wa kantri wa Marekani una wapenzi wengi nchini Kenya, wakiwemo wa Kitui na Makueni. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili haujaushughulikia vya kutosha kama sanaa ya wakulima na wafanyakazi. Santuri ya Coal Miner's Daughter yafaa kuwa mwanzo.

Loretta Lynn (1932–2022) alizaliwa Butcher Hollow, Kentucky, akiwa mtoto wa pili kati ya wanane wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1972 alikuwa mwanamke wa kwanza kutuzwa na chama cha muziki wa kantri kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka. Santuri hii ina nyimbo 11. Baadhi, kama "Hello Darlin'" na "Snowbird", zilikwisha kuvuma kwa sauti za wengine. Uzito wa kazi nzima umebebwa na wimbo wa kwanza, uliotoka mwaka 1970, ambao msanii aliutunga mwenyewe.

Fani ya wimbo huo ni ya kuorodhesha. Msanii hatumii mafumbo. Anataja viatu vya msimu wa baridi, taa ya mafuta, na vidole vya mama vinavyotoka damu kwa kufua. Vitu hivi vyajieleza vyenyewe kwa msikilizaji wa Ukambani. Jina lenyewe ndilo linalomtatiza: neno "makaa" humkumbusha kwanza tanuri la mchoma makaa, si shimo la mgodi.

Udhaifu wa wimbo umo katika maudhui. Mgodi wa Van Lear unatajwa, lakini mwenye mgodi hatajwi. Umaskini unageuzwa kuwa fahari ya familia, na chanzo chake kinafichika. Aidha, anayesema ni "mimi" peke yake. Katika nyimbo za mwethya, zinazoimbwa na wanawake wa Makueni wanapochimba matuta ya fanya juu, kiongozi huitikiwa na wenzake, na jasho huwa la wote.

Tofauti hiyo si ya fani tu. Katika bonde la Mui, Kitui, makaa ya mawe yamegunduliwa, na wakazi wamekuwa na hofu ya kuhamishwa. Wimbo wa Lynn wawafunza jinsi ya kuhifadhi kumbukumbu ya nyumba. Jinsi ya kumhoji anayeichukua nyumba hiyo, itawabidi waitafute katika mwethya.